Sufuria Isiyo na Tone la Mafuta

Wifi yangu Sitara haogopi mtu. Nimemwona kwa macho yangu pale Buguruni akimkaba ukosi kijana aliyetia mkono kwenye mkoba wake, akamzungusha mpaka kijana wa watu akaomba msamaha mbele ya halaiki. Haogopi radi, haogopi panya, na mimi wifi yake haniogopi hata kidogo, ingawa Mungu anajua nimejitahidi. Anachoogopa Sitara ni mafuta. Nasema mafuta haya haya ya kupikia, yanayouzwa dukani kwa chupa na kwa kupimiwa.

Usicheke. Mimi nilicheka, na kicheko changu kikanitokea puani.

Tunakaa Kariakoo, Mtaa wa Likoma, kwenye nyumba ya Kiswahili aliyoijenga marehemu baba. Nyumba za namna hii zimebaki chache. Kulia kwetu ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma wanachimba msingi wa jingine, kwa hiyo uani kwetu jua linaingia mchana kidogo, linatusalimia, linaondoka. Chumba cha mbele ni changu, mimi Maimuna, mjane, muuza maandazi barazani kila asubuhi. Vyumba viwili vya katikati ni vya mdogo wangu Sadalla, fundi wa giaboksi kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, na mkewe Sitara, na binti yao Nasreen, aliyekuwa anaikaribia miaka mitatu mambo haya yalipotokea. Sufuria yetu ni moja. Anapika Sitara, tunakula wote kwenye mkeka mmoja uani. Ndivyo alivyotulea mama yetu na ndivyo ilivyobaki.

Na huyo Sitara alikuwa mpishi, usifanye mchezo. Akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, ujue siku hiyo utakula na kujilamba vidole. Tui zito analikamua kwanza na kuliweka kando, tui jepesi linapikia, halafu lile zito linaingia mwisho, taratibu, huku anakoroga ili lisikatike. Kazi ya wifi ni kutafuta kasoro, na mimi nilikuwa natafuta mpaka nachoka.

Siku ile alikuwa anamimina tui zito kwenye kisamvu. Sadalla akaingia kutoka kazini kabla ya saa yake, akasimama mlangoni mwa ua, akataka kusema kitu, na mdomo ukaenda upande. Maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza ugali kinywani. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Sitara alibaki ameshika bakuli la tui, analiinamisha, linamwagika jikoni juu ya mkaa, na moshi wake ukatanda ua mzima. Mpaka leo akisikia harufu ya nazi inayoungua, Sitara anatapika.

Hospitali walisema ni kiharusi, kidogo, kimepita karibu. Presha ilikuwa juu na mafuta kwenye damu yamezidi. Daktari alikaa nasi akatueleza vizuri kabisa: apunguze chumvi, apunguze mafuta, apunguze nyama ya mafuta na vya kukaanga, atembee, anywe dawa zake. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema apunguze.

Tuliporudi nyumbani Sitara hakuvua hata baibui. Alitoa chupa ya mafuta, akatoa kopo la samli, akatoa nazi, karanga, mayai, akavipanga barazani na kuwaita majirani wachukue. Parachichi lililokuwa linaivia kwenye pipa la mchele akalitupa kabisa, eti lina mafuta ndani kwa ndani. Mbuzi ya kukunia nazi akaisukuma chini ya kitanda. Kisha akanigeukia mimi.

"Wifi, na karai lako."

"Karai langu limefanya nini?"

"Sitaki lichemke humu ndani. Kaangia nje kabisa, barabarani."

Karai la maandazi ndilo linalonilisha tangu nifiwe. Nilipandwa na hasira nikamwambia, "Mama Nasreen, daktari kasema apunguze."

"Apunguze ni maneno ya mtu ambaye mume si wake," akajibu. "Mimi mume ni wangu."

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikabeba karai langu.

Basi tukaanza maisha ya kuchemsha. Na usidhani Sitara alikuwa anatulisha ovyo. Alfajiri anaingia sokoni mizigo inaposhushwa, anachagua mchicha wenye umande bado, karoti, maboga, tembele, nyanya. Anaosha, anakata, anachemsha kwa maji na kachumvi ka kunusisha. Wali mweupe, maharage ya maji, ugali na mchicha wa maji. Samaki akimnunua anachagua mkavu asiye na mafuta, anamtoa ngozi, anamchemsha mpaka anakuwa pamba. Sufuria zake zilikuwa zinaoshwa bila sabuni, maana hakukuwa na cha kusugua.

Na Sadalla akapona. Hilo lazima niliseme, ndilo lililotuponza. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukapata nguvu, presha ikashuka, akarudi Gerezani kwenye giaboksi zake. Majirani wakamsifu Sitara. Kina mama wa mtaa mzima wakaja kumuuliza anapikaje, naye akawaeleza kwa fahari, kwangu hakuna hata tone. Ungemwambia nini? Ushahidi ulikuwa unatembea na suruali ya kazi.

Nasreen alikuwa ameachishwa ziwa zamani, na alikula tulichokula. Sufuria moja, mkeka mmoja. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye macho makubwa ya baba yake. Alianza kukonda, tukasema anarefuka. Ngozi ya mapajani ikawa inakwaruza, tukasema ni maji ya chumvi ya kisima. Kikohozi kikiisha kinarudi, tukasema vumbi la ghorofa linalojengwa. Kila kitu tulikuwa na jibu lake.

Halafu likaja hili la magharibi. Kwetu sisi watu wa pwani, adhana ya magharibi ikiadhiniwa watoto wote ndani. Ni saa mbaya, saa ya kupita vitu, na mtoto haachwi nje. Bibi yetu alikuwa anatukimbiza na ufagio. Nasreen hakuhitaji ufagio. Kiza kikianza tu kuingia, kabla hata ya adhana, aliacha mchezo wake akamfuata mama yake, akashika upindo wa kanga na haachii. Ndani taa zinawashwa, mtoto anakaa chini ya taa, ametulia. Tulimsifia. Nilimwambia Sitara, huyu binti yako ana adabu kuliko wewe, anaijua saa yake. Tukacheka sote.

Siku moja umeme ukakatika wakati huo huo wa magharibi. Sitara alikuwa uani, maharage yanatokota juu ya jiko la mkaa. Mimi nilikuwa natawadha karibu na bomba. Nasreen alikuwa kwenye mlango wa ukumbini, peke yake, na taa ilipozimika hakulia. Alisimama.

"Njoo mama," Sitara akamwita.

Mtoto akaja. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, vidole vimetanuka, akawa anaburuza miguu kuelekea ilikotoka sauti. Kati yake na sauti kulikuwa na jiko. Mwanzoni nilidhani anacheza. Aliendelea kuja, uso ameuinua kidogo, macho wazi kabisa, na mkono wake wa mbele ulikuwa umekaribia kuigusa sufuria nilipomrukia. Nilimwangusha, nikaangukia goti, birika la udhu likaenda huko.

"Nasreen, hulioni jiko?"

"Giza," akasema.

Lakini giza halikuwepo. Ninaapa, halikuwepo. Juu ya ua mbingu ilikuwa bado nyeupe. Niliyaona maua kwenye gauni lake, nilimwona mjusi ukutani, niliuona uso wa Sitara ulivyobadilika. Sitara alipiga magoti akapitisha mkono mbele ya macho ya mwanawe, taratibu, huku na huku. Yale macho makubwa yalikuwa yanatazama juu ya bega lake, mahali pasipo na kitu.

Umeme uliporudi, mtoto akapepesa macho, akamwona mama yake, akacheka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Mimi mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye saa yenyewe. Magharibi, mtoto, kuna kitu kimempitia. Nikamleta maalimu akamsomea, akamwandikia kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, akanywa. Kusoma ni kheri, sijuti. Ila magharibi iliyofuata Sitara alizima taa makusudi, akamwekea kikombe chekundu mbele yake kwenye mkeka, akamwambia mpe mama kikombe. Nasreen akapapasa mkeka wote, akapapasa mapaja yake mwenyewe, akakikumba kikombe kwa kiwiko kikabingirika. Akaanza kulia kwa aibu, kwani alidhani amekosea mchezo.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa inaliogopa jua likishuka. Sadalla akirudi hasalimii, anauliza, "Leo je?" Sitara hakulala sawasawa wala hakula. Nilimkuta mara moja uani amejifunga mtandio machoni, anatembea polepole mikono mbele kama alivyotembea mwanawe, anajigonga kwenye pipa la maji, anageuka, anaanza tena. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema anataka kujua nyumba hii ina hatari zipi kwa mtu asiyeona.

"Usimtabirie mtoto," nikamwambia.

"Simtabirii. Namwandalia njia."

Nilirudi chumbani kwangu nikafunga mlango, nikalia. Mimi siyo mtu wa kulia hovyo.

Sasa sikia alichofanya. Mtu mmoja sokoni alimwambia karoti ni dawa ya macho, na mchicha pia. Sitara akazidisha. Karoti asubuhi, karoti mchana, mchicha jioni, boga katikati, vyote vya kuchemsha, vyote vya maji matupu. Mtoto akawa anakula rangi ya chungwa na kijani kila siku ya Mungu. Na hali ikazidi. Macho yakawa hayang'ai tena, yamekauka kama yana vumbi, akawa anayasugua mchana kutwa. Sitara akawa anasema, "Namlisha, wifi, unaona ninavyomlisha, sasa nimlishe nini tena?" Niliona kweli anamlisha. Ndiyo maana nikaogopa zaidi, kwa sababu ugonjwa usioogopa dawa yake ni ugonjwa gani huo?

Sadalla ndiye aliyesema basi. Asubuhi moja hakwenda Gerezani. Alimbeba Nasreen begani, akasema tunaenda kliniki, wote, na dada ukiwemo. Tukaenda Magomeni, kwenye kliniki ya watoto, tukakaa kwenye benchi mpaka zamu yetu. Sitara alimshika mwanawe kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Nesi aliyetupokea aliitwa Severa, mama wa makamo, mpole wa sauti lakini haachi kitu kipite. Alimpima uzito, akatazama mizani, akampima tena. Akamfungua macho akayamulika na kijitochi. Akauliza matone ya vitamini A, yale wanayopewa watoto, mara ya mwisho alipata lini. Sitara akafikiri, kisha akasema yalipotolewa mara ile walikuwa hospitali na baba yake, na baadaye akasahau.

"Sawa. Anakula nini?"

Hapo Sitara akapata nguvu kidogo. Akamhesabia mboga zake zote, karoti, mchicha, tembele, boga, na anavyozinunua alfajiri, na anavyoziosha. Nesi Severa alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaridhika.

"Mboga nzuri kabisa hizo. Mafuta unaungia yapi?"

"Mimi?" Sitara akasema, na ile fahari ya kuwaeleza majirani ikamrudia usoni. "Mimi siweki hata tone. Baba yake alipata kiharusi. Nyumbani kwangu mafuta hayaingii."

"Na mtoto?"

"Tunakula sufuria moja."

Nesi alirudisha kijitochi mfukoni. Alimweka Nasreen vizuri mapajani mwa mama yake, akavuta kiti akakaa, wakawa uso kwa uso.

"Mama, nisikilize bila kujilaumu kwanza. Kile kinachosaidia macho, kilichomo kwenye hiyo karoti na huo mchicha, mwili unakichukua kwa msaada wa mafuta. Pasipo mafuta kabisa, kingi kinapita tu na kutoka. Umempa mtoto mboga, hukumpa cha kuzibebea. Mayai hali, maini hali, maziwa hali?"

"Yana mafuta," Sitara akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Yana mafuta. Na mtoto wa umri huu anayahitaji, kwa macho, kwa ubongo, kwa kukua. Chakula cha mgonjwa wa presha hakikuwa chake. Na hata huyo mgonjwa hakuambiwa aache kabisa, au aliambiwa?"

Ningeweza kusema, maana nilikuwepo. Lakini nilimtazama Sitara nikaona hapana pa kuongeza.

Nesi akamgeukia Sadalla. "Na wewe baba, mbona umenawiri hivyo kwa maji matupu?"

Mdogo wangu akainama. Tangu utoto akiinama hivyo ujue kuna jambo. "Mimi nakula kazini," akasema. "Mama ntilie wa pale Gerezani ananipikia samaki wa mchuzi, siku nyingine maharage ya nazi. Parachichi nanunua. Njaa ilikuwa inaniuma, nesi, nikaona nisimvunje moyo mke wangu." Kisha akamtazama binti yake. "Mimi nilikuwa na pa kwenda kula. Yeye aende wapi?"

Na mimi nina maandazi yangu, nikawaza. Kumbe katika nyumba nzima waliokuwa wanakula ile sufuria na si kingine ni wawili tu, mtoto na mama yake. Nilimtazama Sitara kama namwona upya. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka, na visigino vimepasuka kama vya mtu wa shamba la chumvi.

Sitara hakumgombeza mumewe. Alimwuliza nesi jambo moja tu. "Macho yake yatarudi?"

"Mmekuja kabla jicho lenyewe halijaingia kidonda. Nampa matone leo na kesho, na daktari atamwona. Mara nyingi kuona jioni kunarudi upesi. Mara nyingi, mama. Siwezi kukuapia."

Alimwekea Nasreen yale matone mdomoni. Halafu akatueleza mengine kwa lugha ya jikoni: kijiko cha mafuta kwenye mboga ya mtoto, karanga za kusaga kwenye uji wake, yai, dagaa, samaki na ngozi yake, parachichi, mawese mekundu yakipatikana maana yale yana vitamini hiyo hiyo. Baba ale samaki na parachichi, mafuta ya alizeti kidogo, nazi siku moja moja iwe ya kuonja. "Na msitoke hapa mkasema Severa kasema mafuta yoyote," akaongeza. "Yale ya kukaangia yanayorudiwa na kurudiwa mpaka yakawa meusi, hapana, si kwa mtoto wala kwa mtu mzima."

Sadalla akanitazama. Mimi nikalitazama bango la chanjo ukutani, nikalisoma mpaka mwisho.

Tulipitia sokoni tukirudi. Kwa muuza mawese Sitara alisimama mbele ya zile chupa nyekundu, watu wanampiga vikumbo, wabeba mizigo wanampigia kelele apishe, naye hasogei. Alinishika mkono.

"Nikimpa huyu, wifi, ndiyo nimemuua yule?"

"Hujamuua yeyote bado," nikamwambia. "Nunua."

Si jibu zuri, najua. Ndilo nililokuwa nalo.

Mchana ule alipika mchicha. Ulipoiva alifungua chupa, akajaza kijiko, akakileta juu ya sufuria, na hapo mkono ukakataa. Nilikiona kile kijiko kimesimama hewani, mafuta yanachungulia ukingoni. Sadalla akasogea amsaidie. Sitara akamkwepa kwa bega.

"Acha," akasema. "Niliyemnyima ni mimi."

Akasema Bismillahi, akamimina. Ile harufu ikapanda na moshi wa jiko, akageuza uso, akameza mate, akavumilia. Mtoto alikula. Alikula akasafisha sahani kwa kidole, akamtazama mama yake kama anayeuliza kama yapo mengine, na yalikuwapo. Lakini Sitara hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama mdomo wa mumewe anavyotafuna, kama umenyooka.

Siku zikapita na hofu ikawa imehamia kwetu kabisa, ina mto wake na shuka lake. Asubuhi Sadalla anatakiwa atabasamu kabla ya kutoka, mkewe aone pande zote mbili. Anakwenda kupimwa presha, anarudi, haijapanda, na bado haaminiki. Jioni taa zinawashwa mapema, kabla hata ya kiza, na hakuna aliyethubutu kumpima tena Nasreen. Sitara alisema akipima akakuta bado, hatakuwa na cha kushika. Ndivyo tulivyoishi, tunapika kwa kijiko na tunaogopa swichi.

Jioni moja alikuwa amekuna nazi, nusu tu, ya kuonja. Alikuwa bado amekaa juu ya mbuzi, chicha zimemganda vidoleni. Mimi nilikaa kwenye kigoda ubavuni kwake, namenya vitunguu. Sadalla na mtoto walikuwa ukumbini. Adhana haijaadhiniwa, lakini kwa haya maghorofa yetu ua ulikuwa umeshaanza kuwa wa kijivu.

"Wifi," akasema, "zima taa."

"Una uhakika?"

"Zima kabla sijabadilisha mawazo."

Nikainuka nikazima ya uani na ya ukumbini, nikarudi kwenye kigoda changu. Akachukua ndoo tupu ya plastiki akaiweka katikati ya njia, kisha akarudi kukaa. Akanionya nisiseme neno, maana mtoto akisikia sauti ataifuata sauti. Sadalla alielewa. Alimweka Nasreen chini pale mlangoni, akamwachia mkono.

Mtoto alisimama. Hakuna aliyemwita. Nje mtaani wachuuzi walikuwa wanafunga meza zao, mwenye mkokoteni anapiga mluzi, na ndani ya ua sisi watu wazima watatu hatukupumua. Nilikuwa nasoma moyoni kila nilichowahi kufundishwa madrasa. Mikono yake ilikuwa imening'inia ubavuni. Nikawa naingojea inyooke mbele, kama ile siku, vidole vimetanuka.

Haikunyooka. Akaanza kuja. Alifika kwenye ndoo, akaizunguka, akaja mpaka magotini kwa mama yake. Akasimama akimtazama usoni katika kile kijivu, akapeleka kidole kwenye shavu lake.

"Mama, mbona unalia?"

Mimi niliyekaa naye bega kwa bega sikuwa nimeona kwamba analia.